Kuhamisha tangi la mafuta la pikapu ya zamani: kutoka nyuma ya kiti hadi chini ya bodi

Maswali ni yale yale kila mara. Je, ni lazima tangi litoke ndani ya kabini? Tangi la gari gani linaingia? Na lile la tatu, ambalo huja baada ya kazi kumalizika: mbona nikijaza, petroli inanirudia mkononi? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nianze na lile la kwanza. Chevrolet C10 za mwaka 1967 hadi 1972, na Ford F-100 za miaka hiyo hiyo, zilitoka kiwandani na tangi likiwa limesimama ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Kati ya mgongo wako na petroli kuna kiti na bati la tangi, basi. Tangi lenyewe likiwa zima, huko juu halipigwi na mawe wala kokoto. Shida ni umri wake. Baada ya miaka zaidi ya 50 mpira wa kujazia umekauka, gasketi ya floti (kipima mafuta kilicho ndani ya tangi) imepasuka, na kabini inanuka petroli kila ukipiga kona. Kama harufu ndiyo shida yako pekee na bati halina kutu, badilisha mipira na gasketi kwanza, uendeshe wiki mbili. Huenda usihitaji kuendelea kusoma. Lakini kama bati limeoza, au hutaki tena kukaa chumba kimoja na petroli, hamisha.

Jambo moja nataka ulishike kabla hujagusa spana: tangi ndiyo sehemu rahisi. Ni mikanda miwili na boliti chache. Wanaokwama, na nimewaona wengi, hukwamia kwenye mdomo wa kujazia na bomba la hewa. Ukipanga hivyo viwili kabla ya kununua tangi, kazi itakwenda. Ukinunua tangi kwanza kisha ukatafuta pa kupitisha shingo ya kujazia, utatoboa bodi, yaani sehemu ya mizigo, mara mbili.

Amua kwanza: wapi, na tangi gani

Mahali ninapopendekeza ni nyuma ya ekseli ya nyuma, katikati ya reli mbili za fremu (vyuma virefu vinavyobeba gari), mbele ya chuma cha mwisho kinachounganisha reli. Hapo fremu inalinda pande mbili na chuma hicho kinalinda nyuma. Usiliweke nje ya reli, hata kama nafasi inakuvutia. General Motors, watengenezaji wa Chevrolet, walifanya hivyo kwenye pikapu zao kuanzia modeli ya 1973, na mjadala kuhusu moto baada ya kugongwa ubavuni uliziandama gari hizo kwa miaka mingi.

Mbele ya ekseli, pembeni ya propela shafti, panawezekana pia, ila shafti ikikatika joint, italipiga tangi. Ukichagua hapo, funga kitanzi cha chuma cha kuishika shafti.

Kuhusu tangi lenyewe, kuna njia tatu. Ya kwanza ni tangi lililotengenezwa mahsusi kwa pikapu ya aina yako, likiwa na mikanda na vishikio vyake. Linagharimu zaidi, linaokoa siku nyingi. Ya pili ni tangi la gari lingine: wenye Chevrolet hupenda la K5 Blazer za 1973 hadi 1991, maana lilibuniwa kukaa nyuma kati ya reli, wenye Ford hupenda la Mustang za 1965 hadi 1968, la lita 60 hivi, lenye ukingo wa bati unaolizunguka ambao unaufunga kwa boliti. Ya tatu ni kuchongewa tangi la alumini. Hapo sharti liwe na vizuizi vya ndani vinavyozuia petroli kuyumba, la sivyo pampu itavuta hewa kwenye kona.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu, unaofaa moto wa petroli. Uwe karibu na mkono, usiwe ndani ya gari unalolifanyia kazi. Maji hayafai: petroli huelea juu yake na moto unasambaa.
- Pampu ya mkono ya kunyonya mafuta, na madumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya petroli.
- Jeki, na stendi nne imara.
- Tangi jipya, floti yake, gasketi mpya, mikanda, na utepe wa mpira wa kuweka kati ya mkanda na bati.
- Bomba la chuma la mafuta, au la aloi ya nikeli na shaba. Kipenyo cha inchi 3/8 (milimita 9.5) kinatosha injini nyingi za V8 za kabureta.
- Mpira wa petroli ulioandikwa SAE 30R7 kwa kabureta, au 30R9 kwa injini ya injekta. Soma maandishi kwenye mpira wenyewe, usikubali neno la mdomo.
- Mpira mnene wa kujazia, uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa rejeta hautafaa, utalainika na kuvimba.
- Valvu ya hewa inayojifunga gari likipinduka.
- Boliti za daraja 8.8 au zaidi, washa, nati za kujikaza, klipu zenye raba, drili, mita ya umeme, kadibodi, glavu na miwani ya kazi.

Kazi yenyewe

1. Toa petroli yote. Fanya nje, penye hewa inayopita. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na moto: jiko, hita ya maji, taa ya balbu inayoanguka na kupasuka. Chomoa waya hasi wa betri kwanza. Weka dumu chini ardhini, si juu ya bodi, ili umeme tuli usikusanyike. Usinyonye kwa mdomo kamwe. Petroli ikiingia kwenye mapafu ni hospitali.

2. Toa tangi la zamani. Kiti kinatoka kwanza. Kisha fungua waya wa floti, mpira wa kujazia, bomba la hewa na bomba linalokwenda kwenye injini, ndipo boliti. Ziba kila tundu la tangi mara tu linapotoka.

Hapa nina onyo ambalo sitalifupisha. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli huwaka ikiwa mvuke wake ni kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na tangi lililomwagwa jana linaweza kuwa ndani ya kiwango hicho leo. Usilichomelee, usilikate na grinda, usilitoboe na drili. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi, kwa sababu kutu na ute wa ndani hushika petroli na kuiachia tena ukipasha joto. Mpelekee mtu mwenye kazi hiyo, au lihifadhi nje mbali na nyumba.

3. Pima, kisha pima ekseli ikiwa juu. Inua gari, liketi kwenye stendi, tairi ya akiba na kishikio chake vitoke. Kata kadibodi iwe na umbo la tangi, sanduku kamili lenye urefu, upana na kina, ulifunge kwa waya mahali pake. Hii kadibodi itakuonyesha mambo ambayo rula haionyeshi.

Kosa kubwa hapa ni kupima ekseli ikiwa imening'inia. Tumia jeki kuisukuma ekseli juu hadi iguse raba za kuzuia mgongano, ndipo uangalie difu (gia za katikati ya ekseli) imefika wapi. C10 nyingi zina springi za koili, mikono mirefu na upau unaoishika ekseli kwa ubavu. Upau huo nao hupanda na kushuka. Mimi hujiachia angalau sentimita 5 kati ya tangi na chochote kinachotembea. Kama pikapu imeshushwa chini, pima hivyo hivyo tena, kwa sababu zilizoshushwa hula nafasi yote uliyodhani unayo.

Angalia pia ekzosi. Bomba lake likipita karibu na tangi, lihamishe au weka ngao ya bati yenye mwanya wa hewa katikati. Kwa tangi la plastiki usijadiliane na hili. Mwisho, hakikisha sehemu ya chini ya tangi haishuki chini ya difu.

4. Funga vishikio. Petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 75 likijaa ni kilo 55 za mafuta peke yake, na kwenye shimo uzito huo huvuta kwa nguvu zaidi. Tumia chuma cha pembe cha milimita 4 au 5 kwa vishikio, na mikanda ya chuma, si ya kitambaa.

Toboa ubavu wa reli, ile sehemu iliyosimama wima. Usitoboe midomo ya juu na chini, maana ndiyo inayobeba mkunjo wa fremu, na ufa utaanzia kwenye tundu lako. Kama lazima kuchomelea, chomelea kabla tangi halijafika eneo la kazi. Weka utepe wa mpira kati ya kila mkanda na bati. Chuma kikisuguana na chuma, baada ya mwaka una tundu. Kaza mikanda hadi tangi lisitikisike kwa mkono, ukiishia pale bati linapotaka kuanza kubonyea.

5. Mdomo wa kujazia. Chukua muda hapa kuliko mahali pengine popote.

Una chaguo tatu za kawaida: kifuniko kwenye sakafu ya bodi, kijimlango ubavuni mwa bodi, au nyuma karibu na taa. Cha sakafuni ndicho rahisi kwa sababu shingo inashuka moja kwa moja, lakini ukibeba mizigo huwezi kujaza, na maji ya mvua hukusanyika hapo. Cha ubavuni kinapendeza, ila shingo inalazimika kulala, na ikilala sana utajuta.

Sheria ni hii: kutoka mdomoni hadi kwenye tangi, shingo ishuke muda wote. Isiwe na mahali inapopanda, wala tumbo la kushikilia petroli. Kona ziwe pana. Chukua kipande cha mpira wa maji wa bustani chenye unene unaokaribiana, ukipitishe njia yote kabla ya kutoboa bati lolote.

Sehemu fulani ya shingo lazima iwe mpira, kwa sababu bodi na fremu havitembei pamoja. Ukiunganisha kwa chuma kitupu mwanzo hadi mwisho, barabara mbaya itakivunja kwenye maungio. Na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, funga waya wa ethi kutoka mdomo wa chuma hadi kwenye fremu, ili umeme tuli wakati wa kujaza upate pa kwenda.

6. Bomba la hewa. Petroli ikiingia, hewa lazima itoke. Injini ikinyonya, hewa lazima irudi. Hizo ni kazi mbili, na matangi mengi mazuri yana njia mbili. Njia nene hupanda sambamba na shingo hadi karibu na mdomo, na ndiyo inayoruhusu kujaza haraka. Njia nyembamba hutoka sehemu ya juu kabisa ya tangi kupitia valvu ya kupinduka.

Hiyo nyembamba ipandishe juu ya usawa wa kifuniko cha kujazia kisha ndipo ishuke, ili petroli isitoke kwenye mteremko. Mwisho wake uwe mahali pa wazi, mbali na ekzosi, ukitazama chini, wenye kichujio kidogo cha vumbi. Kama gari lina kopo la mkaa la kunasa mvuke, unganisha hapo. Usiumalizie ndani ya reli iliyofungwa wala karibu na kabini. Utakuwa umehamisha tangi ukaacha harufu.

Pikapu yangu ya kwanza niliifunga vizuri kila kitu, kisha nikashusha bodi juu ya bomba la hewa nikalibana bila kujua. Gari lilikwenda kilomita kama 20, likazima. Nilipofungua kifuniko lilivuta hewa kwa sauti, na bati la juu la tangi lilikuwa limeingia ndani. Tangu siku hiyo, baada ya kushusha bodi napuliza bomba la hewa kwa mdomo, kabla tangi halijatiwa tone la petroli.

7. Bomba la mafuta. Lipitishe ndani ya reli, upande usio na ekzosi, klipu yenye raba kila sentimita 45. Usitumie shaba tupu: mtikisiko huifanya iwe ngumu, kisha hupasuka. Mpira utumie vipande vifupi tu, kwenye tangi na karibu na injini. Kila ncha ya bomba ifanyie uvimbe mdogo kwa kifaa cha kutanua, ili mpira usichomoke chini ya klempu. Ukimaliza kukata, puliza bomba lote kwa hewa; vumbi la chuma ndilo linaloua kabureta za watu siku ya kwanza.

8. Pampu. Wengi huamini lazima uweke ya umeme. Pampu ya kimakanika iliyo nzima huvuta kutoka nyuma bila tatizo kwenye gari la kawaida. Ukitaka ya umeme, iweke karibu na tangi na chini kadiri inavyowezekana, maana pampu hizo husukuma vizuri kuliko zinavyovuta, na weka filta kabla yake. Kabureta inataka presha ya PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 4 hadi 7. Zaidi ya hapo sindano ya kabureta haifungi na petroli inafurika juu ya injini. Umeme wa pampu upitishe kwenye rilei na fyuzi, na uongeze swichi ya presha ya oili au swichi inayokata umeme gari likigongwa. Pampu inayoendelea kusukuma baada ya ajali humwaga tangi zima barabarani.

9. Floti na geji. Floti lazima iongee lugha ya geji yako. Chevrolet za kuanzia 1965 hivi hutumia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Za kabla ya hapo ni 0 hadi 30. Ford za zamani ni kinyume: takriban 73 tupu, 10 limejaa. Geji nyingi za kununua ni 240 tupu, 33 limejaa. Pima floti kwa mita ukiwa umeishika mkononi, uisogeze juu na chini, kabla ya kuifunga. Waya wa ethi uende kwenye fremu iliyosuguliwa hadi chuma king'ae. Mikanda yenye raba haipitishi umeme, na hilo huwashangaza wengi.

10. Jaribu kidogo kidogo. Tia lita 10. Kagua kila ungio kwa kitambaa kikavu na tochi ya betri. Washa injini dakika kumi, kagua tena. Kisha jaza kabisa, egesha kwenye mteremko pua ikitazama juu, baadaye ikitazama chini, uache saa kadhaa kila upande. Uvujaji wa gasketi ya floti hauonekani tangi likiwa nusu. Ziba matundu yote yaliyobaki kwenye kabini, la shingo ya zamani na la bomba sakafuni. Baada ya kilomita 200 hivi, kaza mikanda tena. Raba huwa imelala.

Ikikusumbua baadaye

*Bomba la kituoni linajikata kila sekunde mbili.* Hewa haitoki. Angalia njia nene ya hewa, kama imejikunja au ina tumbo lenye petroli. Ikiwa iko safi, shingo imelala kupita kiasi.

*Injini inazima baada ya mwendo, inawaka tena ukisubiri.* Fungua kifuniko mara tu inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa, bomba la hewa limeziba. Usiposikia kitu, kagua filta, halafu angalia kama bomba la mafuta linapita karibu na ekzosi na petroli inachemka ndani yake.

*Geji inasoma kujaa muda wote.* Kwenye Chevrolet, waya umekatika au ethi haipo. Kwenye Ford, waya umegusa bodi mahali fulani. Ikisoma tupu muda wote, badilisha majibu hayo mawili.

*Harufu baada ya kujaza tu.* Gasketi ya floti, au klempu ya juu ya mpira wa kujazia. Tumia klempu mbili pale, na usijaribu kuziba kwa silikoni ya kawaida, petroli huiharibu.

*Injini inakatika kwenye kona tangi likiwa robo.* Petroli inaikimbia ncha ya kunyonyea. Tangi halina vizuizi vya ndani, au floti uliyonunua ina bomba fupi kuliko kina cha tangi. Pima kina, ulinganishe. Ncha inatakiwa iwe karibu na sakafu ya tangi, ikiacha milimita chache tu kwa ajili ya uchafu.